Ng'ombe wa Watu, Nyasi Zetu

Imekaa pembeni mwa uwanja wa Kigoma,
mapanga yake manne yamefungwa kamba
kama mbuzi aliyefika mnadani mapema.
Vumbi jekundu limepanda hadi kwenye vioo.
Kila alfajiri navifuta kwa gazeti na maji,
nakaa kiti cha kulia,
nasoma orodha yote kwa sauti:
mafuta, betri, breki ya rota,
injini ikiwa imelala.

Leseni ninayo.
Ina picha yangu na muhuri wa Dar es Salaam,
ina saa elfu moja na mia mbili juu ya Rufiji na Rukwa;
daktari kanipima macho, moyo, masikio.
Lakini mkiani, chini ya mstari wa bluu,
herufi hazianzi na Tano H.
Na sheria haina kigugumizi:
chombo kina uraia kama mtu,
kokote kitakakotua ni mwana wa kilikoandikishwa,
na anayekishikia usukani
sharti awe na leseni ya huko,
au barua ya huko isemayo: yake tumeikubali.

Barua yangu iko njiani tangu Machi.

"Sasa," mama akauliza, kule Gungu,
akikoroga mawese kwenye pipa la sabuni,
"anga ni la nani?"
Letu.
"Uwanja?"
Wetu.
"Mafuta yaliyomo?"
Yamekuja kwa reli, mama, tumeyalipia.
"Na wewe nimekuzaa mwenyewe. Kimebaki nini?"

Nikatafuta neno. Akaliokota yeye kwanza,
mwana wa wafugaji wa Heru Juu:
"Aa. Ni ng'ombe wa ubugabire.
Anakula nyasi zetu, kupe tunamtoa sisi,
maziwa tunakunywa,
ila ukitaka kumtolea mahari
unampandia mlima mwenye ng'ombe,
na pombe mkononi, na goti chini."
Pombe nimeshapeleka, nikamwambia.
Dola mia tatu,
na nakala nne zilizogongwa muhuri na wakili.

Jumanne ile Kapteni Ondrej, mwenye barua,
alikuwa Maweni na malaria,
akitetemeka mpaka kitanda kinahama.
Saa tisa simu ikalia kutoka Kalya:
mimba ya pacha, mmoja amelala mkingamo.
Angani ni dakika hamsini.
Mlinzi, mzee Sebabili, akafungua kamba za mapanga
bila kuambiwa.
Ufunguo ulikuwa kiganjani mwangu,
umepata joto la mwili.

Niseme nini?
Kwamba niliwaza bima,
inayokufa pale miguu ya chombo inapoacha changarawe?
Kwamba kila kifungu mle kitabuni
kina kaburi lake mahali,
la mtu aliyejua kurusha vizuri tu,
kasoro kitu kimoja ambacho karatasi ingemuuliza?
Au niseme niliogopa?
Yote ni kweli,
na hakuna hata moja lililofika Kalya.

Nilipiga mara saba kwenye nchi ya zile herufi.
Kwao ilikuwa sikukuu.
Simu ilinipigia muziki.

Wakaletwa kwa boti ya injini,
masaa kumi na moja, upepo wa kusini ukiwasukuma.
Walipanda watatu, nikihesabu waliokuwa tumboni.
Kibirizi walishuka wawili.
Sikuuliza nani. Niliambiwa hata hivyo.

Barua ilifika Ijumaa.
Ntahondi wameandika Ntahonda.
Irefu moja tu ya kalamu,
mtu angeweza kuirekebisha kwa wembe na subira.
Nikairudisha ilikotoka.

Ndege bado ipo, na vioo bado nafuta.
Sebabili zamani aliniita binti.
Siku hizi nikipita getini anasema, "Kapteni,"
taratibu, herufi baada ya herufi,
kama anayesoma kitu kilichoandikwa mkiani.